Walipotuuliza Tungefanya Nini

Nikimsikia mtu akisema kwamba watu wa vijijini hawajui kutofautisha igizo na mambo ya kweli, damu hunichemka hadi leo. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mbele ya Baraza la Kata, kutoka kwa mtu aliyekula ndizi za nyumbani kwetu karibu mwaka mzima. Aliyasema kwa upole, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa. "Wananchi hawa hawajazoea sanaa," alisema. "Walichanganya." Sisi tuliochanganya tulikuwa tumeketi pale pale kwenye mabenchi tunamtazama, na dada yangu alikuwa mbele yetu, akingoja kuambiwa kama kibanja chake kitabaki kizima au kitakatwa.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana jambo hili limesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, upande wa Kyerwa, ambao siku hizo ulikuwa bado Karagwe. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka gulio la Kimuli. Mtu wa kwetu akitaja kibanja anataja nyumba, migomba inayoizunguka nyumba, mibuni iliyo chini ya migomba, na makaburi ya wazee yaliyo nyuma ya jiko. Ukimpunguzia mtu kibanja umempunguzia vyote hivyo kwa mpigo mmoja. Na mpaka wa kibanja hatukuuwekea seng'enge wala ukuta. Tulipanda mlamula, mmea wa shina jembamba na majani marefu, ambao hata ukikata kijiti tu ukakichomeka ardhini kinaota. Mlamula ukishasimama, majirani wote wameuona, na mambo yamekwisha.

Mume wa dada yangu alifia hospitali ya Nyakahanga baada ya kuugua muda mrefu. Aliacha mabinti wawili na hakuacha mtoto wa kiume, na hapo kila mtu wa kwetu anajua shida inaanzia wapi. Lakini siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na mzee wa ukoo akasema mbele ya watu kwamba mjane atabaki kwenye kibanja chote alee watoto. Majirani walisikia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisikia pia, akanywa, akafuta mdomo, akasema asanteni wazee.

Baadaye binti mdogo akapata malaria kali. Dada akapanda naye lori la kahawa hadi Nyakahanga, akakaa naye wodini mpaka alipopata nafuu. Aliporudi alikuta milamula imehama. Ilikuwa imeng'olewa kule chini kwenye mtaro wa maji na kupandwa upya juu, karibu na jiko, na mibuni yote iliyokuwa ikimlishia watoto ilikuwa upande wa pili. Shemeji alimpokea kwa heshima zote. Alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha wageni, akampa pole ya kuuguza, na alipoulizwa kuhusu mpaka akasema, "Shemeji, mpaka ndipo ulipo siku zote. Uchungu wa msiba unakusahaulisha."

Dada alizunguka kijiji kizima. Hakukosa mtu wa kumhurumia. Walimpa pole, walimpa na maharage, lakini kila alipowaomba waende kusema mbele ya mwenyekiti kile walichokiona, wote walijitia hamnazo. Mmoja hakuwepo, mwingine alikuwa ameinama akichota rubisi, mwingine hataki ugomvi na jirani. Mzee wa ukoo alisema ana tatizo la masikio. Nilikuwa na hasira na kijiji changu siku hizo kiasi kwamba nilikuwa napita njia ya bondeni nisisalimiane na mtu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mwezeshaji. Hilo ndilo jina alilojipa mwenyewe. Tulipomwita mwalimu alikataa. Mwalimu hufundisha, alisema, yeye anatuwezesha tu. Alikuja na Landrova ya mradi, kijana wa mjini mwenye miwani na viatu vizuri mno kwa tope letu, akitafuta kikundi cha vijana. Akaikuta kwaya yetu. Tulikuwa tunaimba vizuri na tulikuwa na ngoma zetu, naye akasema hiyo inatosha, mengine atatuonyesha.

Alichotuonyesha, sitamnyima haki yake, kilikuwa kizuri. Alisema katika maigizo ya namna yake hakuna mtazamaji. Watu wanakaa duara, igizo linaanza, na likifika mahali pagumu yeye anapiga makofi na kila mchezaji anaganda alivyo. Kisha anauliza duara, "Mngefanya nini?" Anayejua anaingia katikati, anachukua nafasi ya mchezaji yeyote, na kuendeleza anavyoona yeye. Maana ya igizo, alisema, haiko kichwani kwa mwezeshaji. Inatoka kwenu. Wananchi ndio waandishi. Hayo aliyarudia mpaka tukayajua kama tunavyojua Baba Yetu, na wengine tukayaamini, mimi wa kwanza.

Alipotaka kisa cha kijijini, dada yangu ndiye aliyekitoa. Alikuwa amekuja mazoezini kuniletea jembe, akasikia tunavyobishana tuigize nini. "Chezeni mambo yangu," alisema. "Kusema wameshindwa. Labda wakiangalia wataona haya." Basi nikapewa nafasi ya mjane. Nafasi ya shemeji alipewa mwimbaji wetu wa besi, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza mbuzi wa jirani.

Mara ya kwanza tulicheza vibaya sana. Tulimfanya shemeji mlevi, anayumbayumba, anatukana. Watu walicheka, na wakati wa makofi mwezeshaji alipouliza, akasimama bibi mmoja aliyepakana kibanja na dada yangu, mtu wa maneno machache. Hakuingia nafasi ya mtu. Alituambia tumeharibu. "Huyu mmemfanya mlevi. Mlevi tungemsamehe, asubuhi angeomba radhi. Mfanyeni msafi. Avae koti. Alete kahawa ya kutafuna, aseme pole." Duara zima likaguna kukubali. Mwingine akadakia kwamba shemeji asiwe na sauti kubwa, asali kabla ya kung'oa milamula. Mama mmoja akanijia mimi, akanitoa kwenye kiti na kunikalisha chini kwenye nyasi. "Mjane wa matanga na kiti wapi na wapi, mwanangu?" Tukacheza upya kama walivyotaka. Mwimbaji wa besi alivaa koti la kuazima, akanipa kahawa kwa mikono miwili, akasema pole shemeji, na hakuna aliyecheka tena. Kisa kilikuwa cha dada yangu, lakini ubaya wake wote niliujua siku hiyo, kwa sababu ya bibi yule na wale waliomdakia.

Na kesho yake, hebu sikilizeni hili, walipomkuta mwimbaji wa besi njiani walimsalimia vizuri kama kawaida na kumtania kuhusu lile koti. Hakuna aliyemnunia wala aliyempita bila salamu. Watu hao ndio walioambiwa baadaye kwamba wanachanganya.

Igizo la pili lilifanyika kwenye uwanja wa shule, Jumapili baada ya ibada. Hata wa Kibingo walikuja kwa baiskeli. Shemeji wa kweli alikuwepo, amesimama nyuma na shati jeupe, akitabasamu. Mzee wa ukoo alikuwa amewekewa kiti mbele. Tulicheza mpaka pale mjane anaporudi kutoka hospitali na kukuta mpaka umehama, mwezeshaji akapiga makofi, sote tukaganda. Nilikuwa nimeinua mkono na mkono ukaanza kuuma.

"Mngefanya nini?" akauliza.

Kisha yule bibi jirani akaingia katikati. Safari hii alimgusa bega mchezaji wa nafasi ya jirani, kama kanuni ilivyotaka, na mchezaji akatoka. Bibi akasimama mahali pake na kusema, kwa Kinyambo na kisha kwa Kiswahili ili mgeni aelewe, "Mimi ni jirani. Mpaka ulikuwa kwenye mtaro wa maji. Niliona ulivyong'olewa, nikaingia ndani nikafunga mlango. Leo nimefungua."

Vigelegele vililipuka. Na kabla havijatulia, mzee wa ukoo akainuka kwenye kiti chake. Alitembea polepole hadi kwa kijana aliyekuwa anaigiza mzee wa ukoo, akamgusa bega, kijana akampisha. Mzee wa ukoo akawa anaigiza mzee wa ukoo. "Tulikaa," alisema. "Tulikunywa rubisi. Nilisema mjane abaki na kibanja chote, na huyu shemeji alikubali. Kama amesahau, mimi sijasahau." Masikio yake, nadhani, yalikuwa yamepona.

Nataka nieleze tulichokielewa siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Kwetu ukienda kwa mwenyekiti na kumsema jirani, umegombana naye, na ugomvi huo watarithi wajukuu. Lakini igizo lilikuwa kama mwavuli. Mtu angeweza kusimama chini yake na kusema kweli, na shemeji naye angeweza kuisikia bila kutajwa jina, akarudisha mpaka kimya kimya, na kesho wakasalimiana. Kila mtu uwanjani pale alijua kwamba ni igizo na kila mtu alijua kwamba ni kweli. Hatukuchanganya kitu. Tulivishika vyote viwili kwa mikono yetu miwili.

Shemeji hakuitumia nafasi hiyo. Alitoka uwanjani bila kuaga. Basi watu wakamaliza igizo wenyewe. Bibi akachukua kile kijiti cha mlamula tulichokuwa tunakitumia mchezoni, akasema kinapaswa kupandwa kinakostahili, na duara likasimama. Tulikwenda kwa ngoma mpaka kwenye kibanja cha dada. Tuling'oa milamula ya juu na kuirudisha chini kwenye mtaro wa maji. Mzee wa ukoo ndiye aliyeshindilia udongo wa kwanza kwa kisigino. Dada yangu alikuwa analia na kucheka, anamimina maji kwenye mashina kwa kopo. Na mwezeshaji! Mwezeshaji alikuwa anaruka huku na huku na kamera, tope mpaka magotini, akipiga kelele kwamba hii ndiyo sanaa yenyewe, wananchi wameandika mwisho wao, hajawahi kuona jambo kama hili. Alimkumbatia bibi. Bibi akashangaa.

Shemeji akaenda kushtaki. Alidai amevamiwa shambani na kundi la watu lililochochewa na watu wa mradi. Neno kuchochewa ndilo lililofanya kazi, maana wakubwa wa siku hizo waliliogopa kuliko yote. Katibu kata alimwita mwezeshaji, na sijui waliongea nini, ila alipotoka ofisini humo hakuwa yule aliyeruka kwenye tope. Nilimfuata nikamwambia tunamtegemea, yeye aeleze tu kilichotokea. Akasema, "Usijali, nitaweka mambo sawa." Siku ya baraza alikuja amechana nywele, na mambo aliyaweka sawa kweli kweli.

Mwenyekiti wa baraza alimwita yeye kwanza, kwa heshima ya mgeni. Akasimama, akaruka kimanga. Alisema mradi wake ni wa burudani na elimu tu. Alisema yote yaliyosemwa uwanjani ni maneno ya mchezo, na mtu akiwa ndani ya mchezo hasemi yake, anasema ya mhusika. Hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa jambo lolote. Kisha ndipo akasema hawajazoea sanaa, walichanganya. Nilimtazama midomo yake ikisogea nikajiuliza kama ni yeye au amekuja pacha wake. Wiki zilizopita sisi tulikuwa waandishi. Sasa hata wasomaji hatukuwa.

Mzee wa ukoo akaitwa wa pili.

"Mzee, shikamoo," alisema mwenyekiti. "Siku ile uwanjani ulisema ukoo ulimwachia mjane kibanja chote. Je, ndivyo ilivyokuwa?"

Mzee alimtazama shemeji. Akamtazama mwezeshaji, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Aliona mlango umefunguliwa, tena umefunguliwa na msomi, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na amani ya uzeeni bila ugomvi wa ukoo. Akapita.

"Waitu, ndugu zangu, nilikuwa naigiza," alisema.

Sina hasira kubwa na mzee yule, na watu hushangaa nikisema hivyo. Alikuwa mwoga kabla ya igizo, igizo likampa ushujaa wa siku moja, na mtu aliyempa ushujaa huo ndiye aliyekuja kumnyang'anya. Hasira yangu naijua inakokwenda.

Bibi jirani peke yake ndiye aliyesema, "Mimi sikuigiza. Niliona." Wakamwambia shahidi mmoja hatoshi, tena amezeeka, tena yeye mwenyewe alisikika akisema alikuwa ndani amefunga mlango. Mabenchi yaliguna. Wengi waliotembea kwa ngoma siku ile walikuwepo, na wengine walianza kuinuka, lakini mwenyekiti aliuliza kila aliyeinuka, "Wewe nawe ulikuwa mchezoni?" Ungejibu nini? Tulikuwemo sote. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Baraza likaamua mpaka urudishwe juu karibu na jiko, na mibuni ikawa ya shemeji. Siku hiyo jioni dada hakupika. Binti zake walikula kwetu.

Msimu uliofuata Landrova ikarudi. Mwezeshaji alitushika mikono kama ndugu waliopotezana. Kulikuwa na wageni wanakuja kutoka mbali kutazama kazi ya mradi, na wao walikuwa wameziona zile picha za watu na ngoma na milamula. Walitaka lile igizo lile lile. Nilimwambia aende akaigize na katibu kata. Kwaya iligawanyika, tukazozana mpaka tukatukanana kanisani. Aliyetunyamazisha alikuwa dada. "Chezeni," alisema. "Na mimi nitakuja."

Tukacheza. Wageni walikaa kwenye viti vya ofisi ya shule, chini ya turubai. Kijiji kilikaa duara, wengi kuliko mara zote, na kilikaa kimya kama maji mtungini. Mwimbaji wa besi alipoleta kahawa hakuna aliyeguna. Tukafika pale pagumu, mwezeshaji akapiga makofi, nikaganda.

"Mngefanya nini?" akauliza, akitabasamu kuelekea kwenye viti.

Hakuna aliyeinuka. Mtoto alikohoa, mama yake akampigapiga mgongoni. Akauliza tena kwa sauti ya kubembeleza. Akamgeukia bibi jirani, "Bibi, siku ile ulitusaidia sana." Bibi alivuta kanga yake vizuri mabegani na kumtazama kama mtu anayetazama mvua ya shamba la mwenzake. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mwezeshaji, na mimi nikiwa nimeganda pale pale nilifurahi, kusema kweli.

Ndipo dada yangu aliposimama. Alikuja katikati, akanigusa bega, nami nikampisha. Wageni wakasogeza viti mbele kidogo.

"Habari za siku nyingi, mwalimu," alimwambia. "Kabla sijaanza nina swali. Hapa nikisema shemeji arudishe mpaka, na hawa wote wakakubali, nikitoka hapa mpaka utakuwa umerudi?"

Mwezeshaji alicheka kidogo. "Dada, hapa tunaigiza tu..."

"Nilitaka kujua, nisije nikachoka bure," alisema dada. "Mjane nimeshakuwa nyumbani. Hapa nilikuja kutafuta watu, na watu niliwapata. Wewe ndiye uliyewarudisha kwenye mabenchi."

Hakupaza sauti. Aligeuka akatoka katikati ya duara, akashika njia ya kwake, kwenye kile kipande walichomwachia. Bibi jirani akainuka akamfuata. Kisha akinamama, kisha wanaume, kisha mwimbaji wa besi akavua koti la kuazima akaliweka chini akaenda, na sisi wote wa kwaya tukaenda, mpaka uwanja ukabaki mtupu, na mzee wa ukoo akawa wa mwisho kuondoka, akitazama chini.

Nilipofika kwenye kona ya shule nikasikia sauti nyuma yangu, nikageuka. Wageni walikuwa wamesimama chini ya turubai wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Na mwezeshaji, Mungu ananiona, alikuwa ameweka mkono kifuani, anainama kuwashukuru.